Barua ya Mwenye Buchari

Barua ile iliandikwa mara tatu, na mara zote tatu aliyeishika kalamu ni Rahema, kwa sababu sauti ya mumewe ilikuwa imekwisha na mkono wake nao ulikuwa umeanza kutetemeka.

Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda, daftari la mistari juu ya sinia, sinia juu ya magoti. Kalamu ilikuwa ya buluu. Nyeusi ilikuwepo, lakini Sulemani aliikataa, akanong'ona kwamba nyeusi ni ya polisi na ya hospitali. Nje mvua ya Aprili ilikuwa ikipiga mabati kwa vipindi, ikinyesha na kuacha, na kila ikinyesha Rahema alilazimika kuinama mpaka sikio lake liguse ndevu za mumewe ndipo asikie neno linalofuata.

Ilikuwa Jumatatu. Jumamosi wajumbe themanini wa chama wangekutana katika ukumbi wa shule ya msingi hapo Kangeta, wachague mtu mmoja wa kusimama kwa tiketi ya chama kwenye kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi. Kila mwenye kutaka kiti angepewa dakika kumi aongee. Sulemani alikuwa nazo dakika kumi, ila sauti hakuwa nayo. Tangu Januari koo lilikuwa limeziba kidogo kidogo. Kwanza nyama iligoma kupita, yeye mwenye buchari. Halafu githeri, mahindi na maharagwe, halafu viazi vya kuponda, mpaka sasa alikuwa akimeza uji uliochujwa mara mbili na supu ya mifupa isiyo na chembe. Binti yao Shamima, aliyekuwa akiuza dawa katika duka moja la Maua, alimpeleka Meru akatiwa mpira wenye taa kooni. Daktari alizungumza na Shamima, Shamima akazungumza na mama yake, na mama yake akarudi nyumbani akachuja uji.

"Andika," Sulemani alinong'ona. "Ndugu wajumbe."

Rahema akaandika. Mwandiko wake ulikuwa wa mviringo, wa kupumzika juu ya mstari, kama walivyofundishwa Embu kabla hajaacha shule darasa la saba. Katika miaka thelathini na minane ya ndoa alikuwa ameandika kila kitu cha nyumba ile: barua za kwa chifu, majina ya watu wa harambee, hata kibao cha "Leo Matumbo Ipo" kilichoning'inia pale buchari.

Maneno yalikuja polepole. Sulemani alitaka waandikiwe kwamba ni yeye aliyezunguka na karatasi mpaka mtaro wa kichinjio ukafunikwa, ule uliokuwa ukimwaga damu mpaka njia ya watoto wa shule. Kwamba bomba la maji la sokoni yeye ndiye aliyelipigia magoti katika ofisi nne. Kwamba kila mwaka watoto wenye shida ya karo hupita kwanza kwake kuandikishwa, na hajawahi kuuliza mtoto ni wa msikiti au wa kanisa. Halafu akapumzika, akafumba macho, akasema sehemu ambayo Rahema aliingojea.

"Mara mbili nilimwachia kiti ndugu yangu Mwongera. Alisema mbele ya wazee kwamba zamu ya tatu ni yangu. Sasa naiomba zamu yangu."

Rahema alikumbuka mara zote mbili. Alikumbuka mumewe akirudi kutoka kwa wazee jioni, akivua viatu mlangoni, akisema neno moja tu: nimemwachia. Mara zote mbili yeye Rahema alimkemea hadi chakula kikapoa, na kwa hasira hakuuliza walikubaliana vipi. Mambo ya wazee yalibaki kwa wazee.

Barua ya kwanza ilichafuka kwa wino. Ya pili Rahema aliongeza mstari wake mwenyewe, chini kabisa, kwamba msomaji amwombee mwandishi maana anaumwa koo. Alipomsomea, Sulemani aliinua kidole.

"Toa hiyo."

"Baba Shamima, si ni kweli? Watakuona na hiyo skafu. Watajua."

"Wajue. Lakini usiandike." Alitafuta pumzi. "Wakinipa kwa huruma, watasema walipea mgonjwa. Mimi nataka wanipe kama mtu wa hapa."

Rahema alimwelewa. Babu yake Sulemani alifika nchi ile akiswaga punda waliobeba chumvi, na amezikwa nyuma ya msikiti. Baba yake amezikwa kando ya babu. Sulemani mwenyewe alizaliwa Kangeta, Kimeru ndicho alichojifunza kwanza, na alitafuna miraa na wazee wa Igembe tangu ndevu zilipoota. Lakini uchaguzi ukikaribia tu, palikuwa na mtu wa kusema watu wa Majengo, mtaa wao wa msikitini, ni wa kuja. Hawakusema kwa ubaya. Walisema wakicheka, wakingoja kilo yao ya nyama, na Sulemani alicheka nao akiwapimia.

Akachana karatasi ya pili, akaiandika ya tatu. Ilijaa ukurasa mmoja bila kufutwa popote. Akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa koti lililoning'inia kwenye msumari.

Siku ya pili yake alikuja Kiunga.

Kiunga alikuwa mzee wa miaka kama ya Sulemani, jirani wa shamba la Mwongera, mtu wa kusikilizwa. Alisimama mlangoni akikung'uta maji kwenye kofia, na ndani ya koti lake palikuwa na kitu alichokikinga na mvua.

"Muga, Mama Shamima. Mzee yuko?"

"Amelala. Amekunywa dawa, na hiyo dawa ikimshika haamki mpaka alasiri."

Kiunga alitazama pazia la chumbani. Alikaa hivyo muda kidogo, kama mtu anayepima kama mzigo wake unashukia hapo. Kisha akasema Mheshimiwa Mwongera anamsalimia mzee, na kwamba anamkumbuka. Akatoa kile kitu kwa mikono miwili. Kilikuwa kitita cha miraa, kimefungwa kwa jani bichi la mgomba, kamba zake zimesokotwa kwa ufundi, unene wa paja la mtoto. Rahema alikipokea kwa mikono miwili, kama ilivyo adabu. Alipomkaribisha chai, Kiunga alikataa. Hilo lilimshangaza, kwa sababu Kiunga hakuwahi kukataa chai yake ya tangawizi hata siku moja.

Rahema alikiweka kitita juu ya meza akakitazama. Kwao Embu kulikuwa na muguka, majani yanayotiwa katika karatasi na kuuzwa kama njugu, na hakuna aliyeyafunga kwa heshima. Lakini alikuwa ameishi Igembe vya kutosha kujua kwamba kitita cha namna hii hupelekwa kwa wenye msichana. Wakikifungua wakatafuna, wamekubali posa. Wakikirudisha kimefungwa, wamekataa. Ila katika nyumba ile hapakuwa na msichana wa kuposwa. Shamima alikuwa na mume na watoto wawili. Labda aposwe yeye Rahema, na wazo hilo likamchekesha peke yake pale mezani.

Kisha kicheko kikakatika. Ni mtu gani anayempelekea miraa mgonjwa asiyeweza kutafuna hata mkate uliolowekwa? Aliwaza kwamba Mwongera hajui hali ilivyo. Akawaza kwamba pengine anajua. Kwa vyovyote, aliapa Sulemani hatakiona kitita kile. Angekitamani, halafu angeshika koo lake, halafu angegeukia ukutani, kama alivyofanya siku Shamima alipoleta embe.

Alasiri walikuja wazee wanne wa msikitini kumjulia hali. Mzee Ayub, aliyekuwa akiuza vyombo vya plastiki mkabala na buchari, alikuja na tasbihi yake na mafua yake. Walimsomea dua, wakatoka wakakaa sebuleni, na Rahema hakuwa na andazi wala kitumbua cha kuwawekea. Aibu ya nyumba ile, iliyozoea kulisha watu, ilimpanda. Akaingia jikoni, akakata kamba za kile kitita kwa kisu cha vitunguu, akazipanga zile miraa kwenye sinia na kuwapelekea pamoja na chai na njugu.

Wazee walizikuta kwenye sinia. Walitafuna taratibu, wakasifu. Mzee Ayub alisema miraa kama hiyo hajaiona miaka mingi, ni ya miti ya zamani, ile isiyovunwa ovyo. Hakuuliza imetoka wapi, na Rahema hakusema. Jani la mgomba alimpa mbuzi. Vijiti akavifagilia mlangoni, na mvua ikavibeba kidogo kidogo kuelekea barabarani.

Kesho yake asubuhi Kiunga alipita. Hakuingia. Alisimama nje ya ua akavitazama vile vijiti, akamtazama mbuzi aliyekuwa akimalizia jani la mgomba, akamsalimia Rahema kwa mkono, akaenda zake.

Jumamosi Sulemani alivaa koti lake la Idi. Mabega ya koti yalikuwa yamebaki mapana kuliko yake, kwa hiyo Rahema aliweka kitambaa kilichokunjwa kila upande, chini ya bitana, akaifunga ile skafu mpaka kidevuni. Walitembea wakipumzika. Walipofika buchari, iliyokuwa imefungwa wiki ya pili sasa, Sulemani aliigusa kufuli, akavuta kuhakikisha, kama afanyavyo kila jioni.

Mlangoni pa ukumbi karani wa chama alimuuliza jina. Sulemani akalisema. Karani akamwambia aongeze sauti. Akalisema tena. Mtu wa nyuma kwenye foleni akacheka, akasema mwenye buchari amemeza kisu. Rahema akalitaja jina la mumewe kwa sauti ambayo hakujua kwamba anayo, na karani akaandika, kisha akamwambia mama, wewe si mjumbe, subiri nje.

Alisubiri dirishani. Kioo cha dirisha lile kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo aliona na kusikia kama aliye ndani, pamoja na wanawake wawili waliokuwa wakiuza ndizi.

Mwenyekiti wa mkutano alikuwa Elphas, mwalimu mstaafu. Aliwapa wengine dakika zao kwanza. Mwongera aliposimama alisema machache, akaketi, kama mtu asiye na haraka. Ilipofika zamu ya Sulemani, alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akampa Elphas. Kulikuwa na minong'ono. Elphas akavaa miwani.

Aliisoma vizuri. Aliisoma kama inavyosomwa barua ya mtu aliye mbali anayependwa. Mtaro wa kichinjio, bomba la maji, watoto wa karo. Rahema alisikia maneno aliyoyaandika juu ya sinia yakitembea kwenye vichwa vya watu, na watu wakitulia. Aliposoma "sasa naiomba zamu yangu," mwanamke mmoja wa safu ya mbele, Susan wa kikundi cha akina mama, alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Ni ukweli." Wengine wakaitika. Mikono ikaanza kupigwa upande wa kushoto, ikaenea kulia. Sulemani alikuwa amekaa wima. Rahema aliona kisogo chake tu, na kwenye kisogo kile aliona furaha.

Ndipo Mwongera aliposimama tena.

Hakupaza sauti. Alisema barua ni nzuri, na yote yaliyomo ni kweli. Kwamba Sulemani alimwachia mara mbili, na mara zote mbili alimwachia kama mwanaume wa Igembe: alitumiwa kitita cha kuomba, akakifungua, akatafuna mbele ya wazee. "Hatukuandikiana," alisema. "Sisi hatuandikiani. Sasa na mimi niliomba tena mara ya tatu. Jumanne nilituma kitita kwa Sulemani. Kama hangetaka, angenirudishia kimefungwa, na leo mimi ningekuwa nimekaa kimya. Lakini kilifunguliwa. Kililiwa. Halafu naletewa barua?"

 Dirishani, Rahema akasogea mpaka paji lake likagusa fremu.

Elphas alimwita Kiunga. Kiunga akasimama, kofia mkononi, akasema alikipeleka, na kesho yake akaona vijiti mlangoni na jani mdomoni mwa mbuzi. Susan akauliza kama kitita kilienda na maneno ya kuombea. Kiunga alitazama kofia yake.

"Kitita chenyewe ndio maneno," alisema.

Elphas alivua miwani. Alikuwa mtu wa haki, na alitafuta njia. Alisema mila inajulikana: kitita kikifunguliwa na mtu asiyejua, labda mgeni, labda mwanamke asiyefahamu, basi hakihesabiwi. Mwenye nyumba analipa mbuzi mmoja na jambo linaisha, na barua inabaki kuwa barua. "Kwa hivyo, Sulemani, tuambie tu. Nani alikifungua?"

Mtu mmoja nyuma akasema, "Watajuaje mila hao wa Majengo? Wanajua kupima nyama." Watu kadhaa walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa na ubaya mkubwa.

Sulemani aligeuka. Aligeuka polepole, shingo ikimuuma, akatafuta dirisha, akamwona mkewe. Hakuwa ameonyeshwa kitita chochote. Hakuwa amesikia habari yake. Alimtazama Rahema, na Rahema alijua kwamba ameona yote usoni mwake: sinia, wazee wanne, kisu cha vitunguu.

Rahema alifungua mdomo. Alitaka kusema ni mimi, mimi nimetoka Embu, sikujua, tutalipa huyo mbuzi. Sulemani akainua mkono, kiganja kikimwelekea, kama anavyomzuia mteja asikanyage sakafu yenye damu. Rahema akafunga mdomo. Katika maisha yake yote yaliyobaki hataelewa kwa nini aliufunga.

Sulemani alimwomba Elphas kalamu kwa ishara. Akaigeuza ile barua, akailaza juu ya goti, akaandika upande wa nyuma. Ilimchukua muda. Ukumbi mzima ulisikia kalamu ikikwaruza. Elphas alipokea karatasi akaisoma kwanza kimoyomoyo, akamtazama, kama anayemuuliza ana hakika. Sulemani akatikisa kichwa kukubali.

"Kitita nilikifungua mimi," Elphas alisoma. "Sulemani."

Hakuna aliyecheka tena. Wazee wa mila waliokuwa safu ya pili walisimama mmoja mmoja, wakaja wakampa mkono, mikono miwili kwa mmoja, wakimwita kwa Kimeru kama wanavyoitana wenyewe. Kisha wakarudi kuketi, wajumbe wakapiga kura, na Mwongera akashinda.

 Nyumbani Rahema alimvua koti, akatoa vile vitambaa vya mabegani, akavikunja vizuri kuliko ilivyohitajika. Ndipo akaanguka magotini kando ya kitanda.

"Ungesema ni mimi. Mbuzi tu. Mbuzi mmoja, Baba Shamima."

Sulemani alimvuta mpaka sikio lake likagusa ndevu.

"Ningesema kwamba nyumba yangu haijui," alinong'ona. Akapumzika. "Na ungesimama pale uchekwe."

Rahema alilia juu ya blanketi. Baada ya muda alihisi bega la mumewe likitikisika, akadhani naye analia, akainua kichwa. Alikuwa akicheka, kicheko kisicho na sauti, macho yamejaa maji.

"Ilikuwa tamu?" aliuliza.

"Sikuionja. Mzee Ayub alisema ni ya miti ya zamani."

Sulemani alifumba macho na kutikisa kichwa taratibu, kama aliyekuwa akiitafuna.

Aliishi siku arobaini na moja zaidi. Magari ya Mwongera yenye vipaza sauti yalipita mara nyingi, na kila yalipofika kona ya Majengo yalizima muziki mpaka yapite, na heshima hiyo ilimuuma Rahema kuliko kelele. Sulemani alizikwa nyuma ya msikiti, kando ya baba yake. Watu wa Igembe walijaa mpaka barabarani. Wazee wa mila walikuja na kofia mikononi.

Wiki ya pili ya eda, Rahema akiwa ndani, alisikia mtu akibisha, na Shamima akimkaribisha. Aliijua sauti. Kiunga alisema hatakaa. Alisema Mheshimiwa hapati usingizi. Safari hii alisema maneno yote, kwa mpango, bila kuacha hata moja: kwamba Mwongera anaiomba nyumba ya Sulemani msamaha, na kwamba ameleta kitita.

Shamima aliingia nacho chumbani kwa mikono miwili. Jani la mgomba lilikuwa bichi, na matone ya maji juu yake.  Juu ya kabati ilikuwepo ile barua iliyorudishwa na Elphas, mwandiko wa Rahema wa buluu upande mmoja, na upande wa pili yale maneno manne yaliyopinda.

"Mwambie," Rahema alisema, kwa sauti ya kupita pazia ili asikike nje, "mwenye kufungua vitita katika nyumba hii hayupo."

Kisha akampa binti yake ufunguo wa buchari. Alimwambia afungue dirisha la mbele, lile la wateja, akitundike kitita kwenye ndoano ya kati ambako paja la ng'ombe lilikuwa likitundikwa asubuhi, asikate kamba, asiguse jani, afunge mlango na kurudi.

Kilikaa hapo. Siku ya tatu jani liligeuka manjano, ya sita likawa kahawia. Watu waliokwenda sokoni walipunguza mwendo wakitazama ndani, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wanasema Mwongera siku hizi hupita njia ya juu, ya kituo cha mafuta, ingawa ni ndefu.